Balliol, Merton au St Antony's: uchague koleji ipi Oxford?

Fomu ya kuomba kusoma Chuo Kikuu cha Oxford ina swali moja linalowasumbua watu kuliko linavyostahili: unapendelea koleji ipi? Kijana wa Mwanza au Eldoret aliyepita mitihani yote kwa kishindo akifika hapo anakwama. Majina yanakaribia 40, kila moja lina picha ya mnara na nyasi zilizokatwa vizuri, na kila moja linajiita lenye ukarimu. Wengi huishia kuchagua lile walilowahi kulisikia kwenye habari.

Nimezichukua tatu nizilinganishe. Balliol na Merton ni za karne ya 13 na zimekuwa zikibishana kwa karne nyingi nani mkubwa wa nani. St Antony's ni ya 1950, ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao, na fedha zilizoianzisha zilitoka Aden, bandari ambayo mabaharia wa Lamu na Zanzibar waliijua vizuri. Nianze kwa kusema kwamba sizioni kuwa sawa kwa kila mtu. Mwisho wa yote nina upande.

Kabla ya hapo, jambo moja lazima lieleweke. Shahada inatolewa na Chuo Kikuu, si koleji. Mihadhara, maabara na mitihani ni vya Chuo Kikuu. Koleji ni kama ukoo: inakupa chumba, meza ya kulia, maktaba, mtu wa kukuuliza kama umelala, na jina ambalo wenzako watakutambulisha nalo maisha yako yote. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza inafanya zaidi, maana ndiyo inayokusaili, ndiyo inayokupokea, na ndiyo inayopanga vile vikao ambavyo Oxford inajivunia: wewe na mwenzako mmoja au wawili mbele ya mkufunzi, kila wiki, mnatetea insha au majibu ya hesabu mliyoyaandika. Huwezi kujificha nyuma ya darasa, kwa sababu hakuna nyuma. Kwa mwanafunzi wa uzamili mambo ni tofauti. Idara inakukubali kwanza, koleji inafuata, na msimamizi wa utafiti wako anaweza kuwa wa koleji nyingine kabisa.

Kwa hiyo anayekwenda kwa shahada ya kwanza ana sababu ya kuumiza kichwa juu ya koleji. Anayekwenda kwa uzamili aumize kichwa juu ya idara na msimamizi, kisha atafute koleji yenye kodi nafuu na watu anaoweza kuzungumza nao.

Nani mzee?

Swali hili halitakusaidia kuchagua, ila utalisikia hadi ulichoke, basi tulimalize. University College inadai 1249, mwaka ambao William wa Durham aliacha fedha kwa ajili ya wasomi. Kwa muda mrefu wenyewe walidai hata kwamba mwanzilishi wao ni Mfalme Alfred, aliyekufa zaidi ya miaka 300 kabla. Balliol wanahesabu kuanzia 1263, wanafunzi wao wa kwanza walipokuwa wamepanga nyumba na kulipwa posho. Merton wanashika 1264, mwaka wa katiba yao. Ukiuliza nani alitoa fedha kwanza, University College wanashinda. Ukiuliza nani alikuwa na wanafunzi wanaokaa pamoja, Balliol. Ukiuliza nani alikuwa na koleji hasa, yenye katiba, mali yake na walimu wanaojitawala, jibu ni Merton, na Cambridge walipoanzisha Peterhouse mwaka 1284 waliiga katiba ya Merton. Mimi nawapa Merton. Watu wa Balliol wanaruhusiwa kununa.

Balliol: koleji ya siasa

Hadithi ya kuanzishwa kwake ni nzuri kuliko zote. John de Balliol, bwana mkubwa wa kaskazini, aligombana na Askofu wa Durham. Inasimuliwa kwamba alichapwa hadharani mlangoni mwa kanisa kuu, na sehemu ya kitubio chake ikawa kuwalisha wanafunzi maskini Oxford, peni 8 kwa wiki kila mmoja. Alipofariki, mkewe Dervorguilla wa Galloway ndiye aliyeigeuza sadaka hiyo kuwa kitu cha kudumu. Mwaka 1282 aliipa koleji kanuni zake. Mama huyu aliukausha moyo wa mumewe kwa dawa, akauweka kwenye kijaluba cha pembe za ndovu, na alipokufa akazikwa nao katika abasia aliyoijenga kusini mwa Scotland. Mwana wao akawa mfalme wa nchi hiyo. Kwa haki, koleji ingeitwa Dervorguilla.

Majengo hayana uzee huo. Uso unaotazama Broad Street uliundwa na Alfred Waterhouse katika miaka ya 1860, na kanisa lake lenye mistari ya mawe ya rangi mbili ni la William Butterfield, 1857. Wapo wanaoliona baya sana. Hatua chache nje ya lango, katikati ya barabara, kuna msalaba wa mawe uliolazwa chini: hapo maaskofu wa Kiprotestanti Latimer na Ridley walichomwa moto kwa imani yao mwaka 1555, na mwenzao Cranmer mwaka uliofuata.

Balliol tunayoisikia leo ilitengenezwa na Benjamin Jowett, mkuu wake kuanzia 1870 hadi 1893. Aliamini kwamba kazi ya koleji ni kuzalisha watawala, na aliwazalisha kweli. Lansdowne, Elgin na Curzon, wote wa Balliol, waliitawala India kwa kupokezana kijiti kuanzia 1888 hadi 1905. Mawaziri wakuu wa Uingereza waliopita hapo ni wanne: Asquith, Macmillan, Heath na Boris Johnson. Kwa msomaji wa kwetu orodha hii ina ladha mbili. Mashine iliyowatuma vijana wa Kiingereza kwenda kutawala watu wasiowajua ilikuwa na mtambo mkubwa hapa.

Lakini nyumba hiyohiyo ilimpokea Eliud Mathu, Mkenya ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Ilimpokea pia Seretse Khama, baadaye rais wa kwanza wa Botswana, mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Na imekuwa na upande wa kushoto wenye sauti. A. D. Lindsay aligombea ubunge akiwa mkuu wa koleji mwaka 1938, kupinga sera ya kumbembeleza Hitler, akashindwa. Christopher Hill, mwanahistoria mfuasi wa Marx, aliiongoza kuanzia 1965 hadi 1978. Wanafunzi walifuga kobe aliyepewa jina la Rosa, kwa heshima ya mwanamapinduzi wa kisoshalisti Rosa Luxemburg, na kulikuwa na ofisa wa kuchaguliwa wa kumtunza. Kobe huyo alitoweka mwaka 2004. Hajulikani alipo.

Kwa hiyo Balliol ni ya nani? Ni ya anayetaka kusoma falsafa, siasa na uchumi kwa pamoja, kozi iliyoanza Oxford mwaka 1920 na ambayo Balliol iliishikia bango tangu mwanzo. Ni ya mtu anayependa kubishana wakati wa chai na wakati wa chakula cha usiku. Ukiwa mpole na mwenye kuhitaji kimya ili ufikiri, jiulize mara mbili. Na ipo katikati ya mji hasa. Watalii wanasimama langoni mwako kila siku ya kiangazi.

Nisisahau Adam Smith. Alikuja Balliol kutoka Glasgow mwaka 1740 kwa ufadhili, akakaa miaka sita, na baadaye akaandika kwamba maprofesa wengi wa Oxford walikuwa wameacha hata kujifanya wanafundisha. Mambo yamebadilika. Bado ni vizuri kujua kwamba aliyeanzisha uchumi wa kisasa alijifundisha mwenyewe kwa kujifungia na vitabu, huku koleji yake ikisinzia.

Merton: koleji ya vitabu

Walter de Merton alikuwa Chansela wa mfalme, mtu wa mafaili na hati. Aliacha koleji iliyopangwa vizuri, yenye mashamba ya kuilisha. Ukiingia ndani unafika Mob Quad, ua mdogo wa mraba uliojengwa kidogo kidogo kati ya 1288 na 1378, ambao ndio mkongwe kuliko nyua zote za Oxford. Pande mbili za ghorofa yake ni maktaba ya miaka ya 1370, miongoni mwa maktaba kongwe duniani ambazo bado zinatumiwa na wanafunzi. Zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo, maana kitabu kimoja kiliweza kuwa na thamani ya mifugo ya kijiji.

Watu wanamtaja Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, aliyekuwa profesa hapa kuanzia 1945 hadi 1959, au mshairi T. S. Eliot, aliyekaa mwaka mmoja tu kuanzia 1914. Mimi nawapenda zaidi wale waliojulikana kama Wakokotoaji wa Oxford, karne ya 14: Thomas Bradwardine, William Heytesbury, Richard Swineshead. Hawa walikaa Merton wakajiuliza jinsi ya kupima mwendo kwa hesabu. Walifika kwenye kanuni ambayo mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha tatu anaitumia leo: kitu kinachoanza kikiwa kimesimama kisha kikaongeza kasi sawasawa, kinakwenda umbali uleule ambao kingekwenda kwa nusu ya kasi yake ya mwisho. Galileo alikuja karibu miaka 300 baadaye. Bradwardine aliteuliwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1349, na tauni ikamuua mwaka huohuo.

Mkondo huo haujakauka. Andrew Wiles, aliyethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la hesabu lililowashinda watu kwa karne nyingi, alisoma shahada ya kwanza hapa. Naruhito, ambaye sasa ni Mfalme wa Japani, alikaa Merton kuanzia 1983 hadi 1985 akitafiti historia ya usafiri wa Mto Thames. Na Merton huonekana mara kwa mara juu ya orodha ya koleji zinazofaulisha vizuri. Wanafunzi wa koleji nyingine wanaitania kwamba huko ndiko raha huendea kufia. Utani wa watu waliopitwa kwenye matokeo, nadhani.

Hata hivyo wana kituko chao. Usiku ule wa Oktoba Waingereza wanaporudisha saa nyuma, wanafunzi wa Merton wanavaa nguo rasmi, wanashika glasi za mvinyo na kutembea kinyumenyume kuuzunguka ua wa walimu, tangu saa nane usiku mpaka saa nane hiyohiyo ije tena. Wanasema wanalinda mtiririko wa wakati. Ukisikia wanavyolieleza utadhani ni mila ya Enzi za Kati. Ilianza 1971.

Kwa mahali, Merton imekaa pembeni, kwenye barabara ya mawe, na bustani yake inaegemea ukuta wa zamani wa mji. Nyuma kuna malisho mapana mpaka mtoni. Kuna kimya cha kweli. Sifa yake kwa chakula ni nzuri na majoho mezani yanavaliwa mara nyingi kuliko Balliol. Anayekuja kusoma hesabu, fizikia au lugha za kale, na anayejijua kwamba akiachwa peke yake na kazi anafurahi, aandike Merton bila kusitasita.

St Antony's: koleji ya dunia

Hapa sasa tunatoka kwenye wafalme na maaskofu. Antonin Besse alikuwa Mfaransa aliyefika Aden mwaka 1899 kama karani wa kampuni ya Bardey, ileile iliyowahi kumwajiri mshairi Rimbaud. Akaanzisha biashara yake mwenyewe ya ngozi, kahawa na baadaye mafuta, ikaenea pande zote za Bahari ya Shamu hadi Ethiopia. Akawa tajiri mkubwa wa bandari ile. Mwaka 1948 aliahidi Oxford pauni milioni 1.5, nyingi zikiwa za kuanzisha koleji mpya, na 1950 ikafunguliwa katika nyumba iliyokuwa ya watawa, Woodstock Road. Mkuu wake wa kwanza, Bill Deakin, aliwahi kurushwa kwa mwavuli Yugoslavia mwaka 1943 kwenda kukaa na wapiganaji wa Tito waliokuwa wakipambana na Wajerumani. Si ajabu kwamba wakati wa Vita Baridi watu walinong'ona kuwa koleji hii imejaa majasusi.

Kilichoitofautisha ni jinsi ilivyojipanga: vituo vya kuchunguza maeneo ya dunia. Afrika, Mashariki ya Kati, Urusi, Amerika ya Kusini, Asia. Anayetafiti siasa za Kongo anakula meza moja na anayesoma historia ya Iran. Terence Ranger alikuwa hapa kuanzia 1987 hadi 1997 kama profesa. Huyu ndiye aliyefukuzwa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) mwaka 1963, akaja kuongoza idara ya historia Dar es Salaam mpaka 1969, kisha akaandika kitabu kizima kuhusu ngoma ya beni: jinsi vijana wa Lamu, Mombasa na Tanga walivyochukua bendi za kijeshi za wazungu wakazigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Mtu wa pwani anaweza kuukosoa utafiti ule, lakini hawezi kusema kwamba Oxford haikuwahi kumsikiliza.

Kwa macho, St Antony's ni mchanganyiko usiolingana. Kuna jengo la watawa la karne ya 19, jengo la kulia la zege la mwaka 1970 lililopewa jina la Hilda Besse, mke wa Antonin, na nyongeza ya Kituo cha Mashariki ya Kati iliyobuniwa na Zaha Hadid, iliyofunguliwa 2015, inayong'aa kama samaki kati ya nyumba za matofali. Ukitaka picha za kutuma nyumbani, Merton inashinda kwa mbali.

Ukitaka kuishi na watu wazima, wenye kazi walizoziacha, ndoa, watoto, vita walivyovikimbia, hapa ndipo. Kwenye koleji za kale mwanafunzi wa uzamili anaweza kujikuta mgeni katikati ya vijana wa miaka 19. Balliol wamelijua tatizo hilo, na tangu zamani wanafunzi wao wa uzamili wana makao yao Holywell Manor, mwendo wa dakika kama kumi. Mpango huo unafaa. Lakini St Antony's hakuna haja ya mpango, kwa sababu hakuna vijana wa miaka 19.

Kwa wanawake tofauti siku hizi haipo, ila historia inasema kitu: St Antony's ilianza kuwapokea 1962, Balliol 1979, Merton 1980.

Fedha, likizo na ibada

Ada ya masomo haibadiliki kwa kuchagua koleji. Kinachobadilika ni kodi ya chumba, bei ya chakula, ukubwa wa mfuko wa dharura na ruzuku za safari na vitabu. Hapo koleji za kale zenye mashamba na hisa zina nguvu, na Merton ni miongoni mwa zenye uwezo. Ulizeni kwa barua pepe kabla ya kuomba, na muulize kwa takwimu: kodi ni kiasi gani kwa mwaka, chumba kinahakikishwa kwa miaka mingapi, mfuko wa dharura unamhudumia mwanafunzi wa nje?

Swali ambalo watu wetu husahau ni likizo. Mihula ya Oxford ni mitatu, wiki 8 kila mmoja. Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wana mkataba wa chumba unaokwisha muhula unapokwisha. Mwingereza anapakia vitu kwenye gari la baba yake. Wewe wa Kigoma tiketi ya ndege ya Desemba ni mshahara wa mtu. Koleji inayokuruhusu kubaki, na kwa bei ipi, ina maana kwako kuliko umri wa maktaba yake. Mikataba ya uzamili kwa kawaida ni ya mwaka karibu mzima, na hiyo ni hoja nyingine upande wa St Antony's.

Ibada haina shida. Kanisa la koleji si lazima. Sharti la kuwa Mwanglikana lilifutwa na Bunge mwaka 1871. Msikiti na maduka ya nyama ya halali yapo upande wa Cowley Road, na ukikaa Merton utafika kwa miguu haraka kuliko ukikaa Woodstock Road.

Mtego wa majina pia upo. Tom Mboya alisoma Ruskin, Oxford, mwaka 1955 hadi 1956, lakini Ruskin haikuwa koleji ya Chuo Kikuu cha Oxford. Oxford Brookes nayo ni chuo kikuu kingine kabisa. Wakala akikuahidi "Oxford", muulize ipi. Ali Mazrui wa Mombasa yeye alikuwa ndani hasa: alipata uzamivu wake mwaka 1966 kupitia Nuffield, koleji ya uzamili iliyoanzishwa kwa fedha za mtengeneza magari William Morris. Ukisoma siasa, uchumi au sosholojia, iweke Nuffield kando ya St Antony's kabla hujaamua.

Upande wangu, basi. Shahada ya kwanza: Merton kwa wa sayansi na hesabu, Balliol kwa wa siasa, na aliyesimama katikati aende Merton kwa sababu ya chakula na kimya. Uzamili katika historia, siasa au masuala ya Afrika: St Antony's, na sioni mshindani wa karibu. Uzamili wa sayansi: Balliol, kwa ajili ya Holywell Manor.

Ukipangiwa koleji nyingine, jambo linalotokea sana, ikubali. Baadhi ya fedha za ufadhili zimefungwa kwenye koleji maalumu, kwa hiyo mara nyingine mfadhili ndiye anayechagua. Maombi ya shahada ya kwanza yanafungwa katikati ya Oktoba, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Ya uzamili mengi hufungwa Desemba au Januari kutegemea kozi, na ufadhili wa Clarendon, ulioanza 2001, hauna fomu yake: ukiwahisha maombi yako kwa tarehe hiyo unaingizwa moja kwa moja, ukichelewa hufikiriwi hata ukiwa na alama za malaika.